Akili Mnemba na Gharama ya Kukagua

Wiki tatu kabla ya Idi, mdogo wangu alinipigia simu kutoka Tanga, sauti imemkauka. Ni fundi cherehani. Ana vyerehani vitatu barazani, wasichana wawili wa kumsaidia, na wateja ambao wengi wao wanamfuata kwa WhatsApp. Mwaka huu alitaka bango la kuweka status: madera, mishono ya vitenge, magauni ya watoto. Alikuwa amesikia kwamba akili mnemba inachora yenyewe, akalipia kifurushi cha mwezi, akaandika: "Nitengenezee bango zuri la duka la nguo za Kiswahili."

Akanitumia kilichotoka. Mwanamke mrembo kweli, lakini kichwani ana kilemba cha kupandisha kama wanavyofunga akina mama wa Lagos harusini. Nyuma yake mbuyu na jua linazama. Juu kabisa, kwa herufi za dhahabu, maneno "KARIBNUI DUAKNI". Alirudia mara kumi na moja, na kuanzia ya tatu alikuwa anaandika wazi: "usiweke mbuyu". Mbuyu haukubanduka. "Kaka, hela yangu imeliwa," akasema.

Malalamiko ya namna hiyo nayasikia kila wiki kwa walimu, makarani, wahariri wenzangu, vijana wanaoandika maombi ya ufadhili. Wamelipia chombo, faida hawaioni, na wengi huhamia kingine cha bei ya juu zaidi. Mimi nimevitumia vyombo hivi katika kazi ya uhariri tangu 2023, na nimefika mahali pa kuamini kwamba suala la bei tunalishika kwa ncha isiyo yake. Mtumiaji hulipa mara tatu. Hulipa fedha ya kifurushi, hulipa bando, kisha hulipa muda wa kukagua alicholetewa. Malipo ya tatu hayamo kwenye risiti, nayo ndiyo makubwa kuliko yote. Anayejua kuyapunguza hufaidi hata kwa chombo cha bure. Asiyejua atapata hasara hata akinunua daraja la juu kabisa.

Sababu ya kukagua imo katika namna mashine yenyewe inavyofanya kazi. Akili mnemba ya kuzungumza (wapo wanaoiita akili bandia, wapo wanaosema akili unde), iwe ChatGPT, Gemini, Claude, Copilot, DeepSeek au ile ya Meta iliyowekwa ndani ya WhatsApp, imejengwa juu ya muundo ambao watafiti wa Google waliutangaza mwaka 2017 na ambao umma uliufahamu ChatGPT ilipofunguliwa tarehe 30 Novemba 2022. Kazi yake ya msingi ni kukisia. Ikipewa maneno yaliyotangulia, hukisia kipande kinachofaa kufuata, kisha kingine, kisha kingine, hadi jibu litimie. Imepitishwa kwenye maandishi mengi mno, ndiyo maana makisio yake mara nyingi hupatia. Lakini sentensi ya uongo hutoka kwa ulaini uleule wa sentensi ya kweli. Binadamu anayebahatisha hukohoa, husita, hutazama chini. Ishara zote ambazo tangu utoto tumezitumia kumpima msemaji, hapa hazipo. Siku hizi vyombo vingi hutafuta mtandaoni kabla ya kujibu na kuweka viungo. Hilo linasaidia, kwa sharti kwamba viungo hivyo unavifungua na kuvisoma.

Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walijifunza hayo mbele ya jaji. Mteja wao alikuwa amelishtaki shirika la ndege la Avianca, akidai toroli la kugawia chakula lilimuumiza goti. Hati waliyoiwasilisha ilinukuu hukumu za zamani zilizotolewa na ChatGPT, na hukumu hizo hazikuwahi kuwapo. Mmoja wao alipata wasiwasi akaiuliza ChatGPT yenyewe kama kesi zile ni za kweli. Ikamjibu kwamba ni za kweli. Jaji P. Kevin Castel aliwatoza faini ya dola 5,000. Wengi waliisoma habari ile kama onyo la kutotumia akili mnemba kabisa. Mimi naisoma tofauti. Mawakili wale walikuwa na elimu na nyenzo za kuhakikisha kila hukumu, wakairuka hatua hiyo moja ya kazi, na badala yake wakamgeuza mshukiwa kuwa shahidi wake mwenyewe.

Basi kipimo ninachokitumia ni hiki: mashine ipewe kazi ambayo kuikagua ni rahisi kuliko kuifanya. Mhariri mwenye makala ya maneno 3,000 anayetafuta kichwa cha habari anaweza kukaa nusu saa bila kitu. Akiletewa vichwa kumi, atavisoma kwa dakika moja, atatupa tisa, na cha kumi kitamfungua akili atunge cha kumi na moja kilicho bora zaidi. Mwenye duka anayetaka fomula ya Excel ya kujumlisha mauzo ya kila mwezi ataijaribu kwenye mwezi aliokwisha kuujumlisha kwa mkono. Jibu likilingana, kazi imekwisha. Mwalimu anayeomba maswali ishirini ya sehemu na majibu yake hufaidi pungufu ya hapo, kwa sababu inambidi akokotoe yote ishirini mwenyewe kabla ya kuyapeleka darasani, na wapo wasiofanya hivyo. Mzazi anayeuliza kipimo cha dawa ya mtoto usiku wa manane hana cha kukagulia kabisa. Njia yake pekee ya kuhakikisha ni mfamasia au daktari, na kama mwisho atakwenda huko, na aanzie huko. Lakini mfamasia huyohuyo akitaka kuandika kikaratasi cha maelezo ya dawa anayoifahamu kwa miaka kumi, chombo kitamwokolea saa nzima. Swali ni moja, jibu ni moja, tofauti ni nani ana uwezo wa kulisahihisha.

Kwetu sisi tunaokitumia Kiswahili, ukaguzi una mambo yake mahususi, na hapa nitakaa kidogo.

Mashine haisomi herufi wala silabi. Huyakata maandishi vipande vinavyoitwa tokeni, na kisu cha kukatia kilinolewa kwa Kiingereza zaidi kuliko kwa lugha nyingine. Neno la Kiingereza lililozoeleka huwa kipande kimoja. Neno kama "tutakapowatembelea" hukatwa vipande kadhaa, tena mara nyingi mahali ambapo si mpaka wa mofimu wala wa silabi. Watafiti waliolinganisha lugha nyingi mwaka 2023 waligundua kwamba maudhui yaleyale yanaweza kutumia tokeni hata mara 15 zaidi katika baadhi ya lugha. Kiswahili, kwa kuwa kinaandikwa kwa herufi za Kilatini, hakikuumia kama lugha zenye hati zao wenyewe, lakini bado kinakatwa vipande vingi kuliko Kiingereza. Anayejenga programu na kulipia kwa tokeni huliona hilo kwenye ankara. Anayetumia bure huweza kuliona pale kiwango chake cha siku kinapokwisha mapema.

Mahali linapoonekana wazi zaidi ni kwenye ushairi. Niliomba tarbia, mizani kumi na sita kwa kila mshororo, nane kwa nane. Mshororo wa kwanza ulikuwa huu: "Masika yameanza leo, mashamba yamejaa maji." Hesabu kwa vidole. Ma-si-ka-ya-me-a-nza-le-o, tisa. Ma-sha-mba-ya-me-ja-a-ma-ji, tisa. Jumla kumi na nane. Nikaiambia imezidisha, ikaomba radhi, ikasema imekwisha kurekebisha, ikaleta mshororo wa kumi na saba. Haikuwa na nia ya kunidanganya. Haizioni silabi, inaviona vipande vyake, na vipande hivyo havilingani na pumzi yetu. Malenga yeyote angesema "Masika yaanza leo, mashamba yajaa maji" akaendelea na mshororo wa pili bila hata kukunja kidole. Hata hivyo sikuondoka mikono mitupu. Niliomba taswira ishirini za mvua, kisha maneno hamsini yanayoishia na "ji", nikaokota sita ya maana, ubeti nikautunga mwenyewe. Orodha unaikagua kwa jicho, na kwa kazi ya orodha mashine hizi hazina mfano.

Jambo la pili linanichoma zaidi kama mhariri. Kila neno ni la Kiswahili, lakini sentensi si ya Kiswahili. "Natumaini barua pepe hii inakukuta ukiwa mzima." "Inapokuja kwenye suala la elimu." "Maji yanacheza nafasi muhimu." Hakuna aliyelelewa katika lugha hii anayesalimu au kuzungumza hivyo, ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Asili yake inajulikana. Maandishi ya Kiswahili yaliyolishwa mashine ni machache, na sehemu yake mtandaoni ni tafsiri zilizofanywa na mashine nyingine kabla yake. Tena msamiati hauheshimu mipaka: Mtanzania anaandikiwa "tarakilishi" na "rununu", na barua yake ya kuomba kiwanja inakosa "Yah:" ambayo karani wa halmashauri anaitafuta kwanza. Wapo wanaofanya kazi ya kulipunguza pengo hili, kama kundi la watafiti wa Kiafrika la Masakhane lililoanza mwaka 2019, na mradi wa Common Voice wa Mozilla unaokusanya sauti za Kiswahili kutoka kwa wasemaji wenyewe. Nawaheshimu sana. Ila barua yako ni ya kesho asubuhi.

Kwa sababu hiyo nimeacha kuiomba mashine iniandikie Kiswahili kutoka hewani. Naandika rasimu mwenyewe, hata iwe mbovu, au naisema kwa sauti simu ikaiandika, ndipo naomba: ipange, onyesha palipojirudia, punguza theluthi moja, usibadilishe neno ambalo halina kosa. Au naipa barua tatu nilizowahi kuandika, nasema ifuate mwendo wa hizo. Na kwenye sehemu ya maelekezo ya kudumu, ambayo vyombo vingi vinayo, nimeweka orodha ya misemo nisiyoitaka kuiona. Orodha hiyo imefika misemo thelathini na mitano, na kila mmoja umeniokolea kalamu nyekundu mara nyingi.

Halafu kuna saa. Niliwahi kuomba tafsiri ya Kiingereza ya mwaliko wa mkutano mdogo wa wahariri, nikaisoma haraka, nikaituma. Mgeni mmoja kutoka Ulaya aliandika kwa adabu kuuliza kama kweli tunakutana saa tisa usiku. Mashine ilikuwa imeichukua "saa tatu asubuhi" ikaiandika tatu, bila kujua kwamba saa zetu za mchana zinaanza kuhesabiwa jua linapochomoza na kwamba kati ya saa yetu na ya Kiingereza pana masaa sita. Vyombo vipya vinapatia mara nyingi, na hiyo "mara nyingi" ndiyo inayomlevya mtu akaacha kukagua. Tangu siku ile naandika "saa 3 asubuhi, yaani 09:00", na shaka inakufa palepale.

Sasa nirudi kwa mdogo wangu, kwa sababu agizo lake la kwanza lilikuwa na upungufu ambao karibu kila mtu anao. Mtandaoni kunauzwa vitabu vya "maneno ya siri" ya kuiamuru akili mnemba. Nimevisoma kadhaa. Kulikuwa na ukweli ndani yake: mwaka 2022 watafiti walionyesha kwamba kuiambia mashine ifikiri hatua kwa hatua kuliinua majibu yake ya hesabu. Lakini mashine zilizofuata zikafundishwa kufanya hivyo zenyewe kabla ya kujibu, na maneno yale yakapungua nguvu. Hila huchakaa kila toleo jipya linapotoka. Kisichochakaa ni kile ambacho fundi mzuri hukuuliza kabla ya kushika mkasi: nguo ya nani, ya shughuli gani, kitambaa kipi, unaitaka lini. Tuliketi kwenye simu tukaandika upya, kwanza maneno ya tangazo:

"Mimi ni fundi cherehani, Tanga mjini. Naandika tangazo la status kwa akina mama wanaonifahamu tayari. Nataka waje kupimwa kabla ya tarehe ishirini ya Ramadhani, maana baada ya hapo sipokei kazi. Bei zangu ni hizi. Maneno yasizidi arobaini. Kiswahili cha kawaida cha mtaani kwetu, kisiwe cha tangazo la redio. Nipe matatu yasiyofanana. Kama kuna jambo hujalielewa, niulize kabla hujaandika."

Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Mashine ikauliza: bei hizo ni pamoja na kitambaa, au mteja anakuja na chake? Mdogo wangu akanyamaza. Kila Idi hugombana na wateja wawili watatu kwa jambo hilohilo, na halikuwamo kwenye agizo wala lisingekuwamo kwenye tangazo. Swali moja lile, kwangu mimi, lilirudisha fedha ya mwezi mzima.

Kwa nyaraka ndefu kanuni ni ileile, ila kwa umbo jingine. Usiulize kumbukumbu yake kuhusu mkataba au sera. Bandika maandishi yenyewe. Bandika kurasa zinazohusika tu, kwani utafiti wa 2023 ulionyesha kwamba katika maandishi marefu mashine hutumia vizuri kilichoko mwanzoni na mwishoni na kupoteza kilichoko katikati. Kila hoja uitake na nukuu na nambari ya ukurasa, ili kukagua kuwe kufungua ukurasa badala ya kusoma kitabu kizima. Jambo jipya lifungulie mazungumzo mapya, kwa sababu kila unapotuma ujumbe, mazungumzo yote ya nyuma husomwa tena upya: yanaweza kula kiwango chako, na makosa ya asubuhi yanaambukiza majibu ya jioni.

Picha ni dunia nyingine. Vyombo vingi vya kuchora, kama Midjourney na Stable Diffusion, huanza na chenga tupu, mfano wa televisheni ya zamani iliyopoteza mawimbi, kisha huzisafisha kidogo kidogo kuelekea kile maneno yanachotaja. Chenga za mwanzo hubadilika kila mara, ndiyo maana agizo moja huzaa picha tofauti kila unapolirudia. Ukipata iliyokaribia, ishike na uirekebishe sehemu kwa sehemu. Ukianza upya unarusha shilingi hewani. Na ujuzi wa kuchora umetokana na mabilioni ya picha za mtandaoni pamoja na maelezo yaliyoandikwa chini yake. Mkusanyo wa LAION-5B wa mwaka 2022, ambao Stable Diffusion ilifunzwa kwa sehemu yake, ulikuwa na jozi zaidi ya bilioni 5, na Kiingereza ndiyo lugha iliyotia fora.

Mbuyu wa mdogo wangu ulitoka humo. Kwa ninavyoona, picha nyingi za mtandaoni zenye neno "Afrika" ni za safari za mbugani, na neno "Kiswahili" la agizo lake liliibeba Afrika hiyohiyo: likiachwa peke yake huja na mbuyu na machweo yake. Na "usiweke mbuyu" haikusaidia kwa sababu hakuna anayeandika chini ya picha kwamba hapa hakuna mbuyu. Kwa vyombo vingi vya kuchora, neno lililotajwa ni neno lililoitwa. Dawa ni kujaza nafasi. Sema nyuma pana ukuta wa chokaa nyeupe uliochubuka, baraza ya saruji, cherehani nyeusi ya mguu, mchana wa jua kali. Ukiijaza hivyo, mbuyu unakosa pa kusimama.

Vitu vyetu vyenye majina yake vinahitaji kuelezwa kwa umbo. Omba ngalawa, utaletewa mashua yoyote yenye tanga la pembetatu. Sema mtumbwi mwembamba wa gogo, wenye mbao mbili za kuelea ubavuni, kushoto na kulia, zilizoshikwa kwa miti miwili inayokatiza juu, na ngalawa itaanza kuonekana. Khanga ni ngumu zaidi, na nimeishughulikia kwa saa nyingi kwa ajili ya majalada ya vitabu. Ukitaja jina lake tu, unapewa kitenge chochote chenye maua. Lazima uieleze kama unavyomweleza mgeni asiyewahi kuiona: mstatili, pindo pana pande zote nne, mji wa katikati wenye pambo moja, na chini ya pambo, ndani ya kisanduku chembamba, mstari mmoja wa herufi. Kisha kisanduku uamuru kibaki kitupu, kwa sababu jina la khanga mashine italivuruga, na khanga yenye jina lililovurugika ni tusi kwa aliyevaa. Jina liandike mwenyewe baadaye kwa Canva au programu yoyote ya kawaida ya simu. Vyombo vya miaka ya karibuni vinaandika herufi vizuri kuliko vya 2022, lakini kwa Kiswahili bado nimeona "KARIBU" yenye B mbili. Na jaribu kuomba saa ya ukutani inayoonyesha saa moja kasoro robo. Mara nyingi utapewa saa nne na dakika kumi, kwa kuwa matangazo mengi ya saa hupanga mishale hivyo.

Uzuri wa picha ni kwamba ukaguzi wake ni wa kutupa jicho. Hesabu vidole, soma herufi, tazama nguo, tazama kama mtu wako ni wa pwani au wa kwingine. Ndiyo maana kwa wafanyabiashara wadogo naona picha zina faida ya haraka kuliko maandishi, mradi ziwe za kusaidia na zisiwe za kudanganya. Kuuza dera ambalo hujawahi kulishona kwa picha ya kuchorwa ni kumlaghai mteja, hata kama picha ni yako.

Kuhusu fedha zenyewe nitasema kwa ufupi. ChatGPT ya kulipia ilipoanza kuuzwa Februari 2023 ilikuwa dola 20 kwa mwezi, karibu shilingi 50,000 za Tanzania, na bei hiyo imekuwa kigezo cha soko. Kwa fundi au mwalimu ni fedha nyingi. Kaa kwanza na daraja la bure mpaka uone kwamba wiki tatu mfululizo limekukatikia katikati ya kazi inayokuingizia kipato. Hapo lipia mwezi mmoja, na siku hiyohiyo zima malipo ya kujirudia, kwa sababu kadi haisahau hata wewe ukisahau. Akaunti za kugawana zinazouzwa kwa bei ya kutupa, ziepuke. Kijana mmoja ninayefanya naye kazi alinunua moja kwenye kundi la mtandaoni. Baada ya siku ishirini nywila ikabadilishwa, na rasimu za wateja wake zikabaki kwa watu asiowajua hata sura. Kwa jambo hilohilo la siri: Samsung ilipiga marufuku vyombo hivi kwa wafanyakazi wake mwaka 2023 baada ya baadhi yao kubandika humo msimbo wa ndani wa kampuni. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na orodha ya wagonjwa au wanafunzi wako haina ruhusa ya kusafiri hivyo. Mwenye kompyuta yenye kadi ya michoro yenye nguvu anaweza kupakua Stable Diffusion, au Llama ya Meta, akavitumia bila intaneti kabisa. Vidogo vinavyoingia kwenye kompyuta ya kawaida Kiswahili chake bado kinachechemea.

Kuna malipo mengine ambayo sitaki yapite kimya, maana nayo ni ya ukaguzi. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi wa Kenya, walioajiriwa na kampuni ya Sama kwa mkataba wa OpenAI, wenye ChatGPT, walisoma na kuweka alama maandishi ya ukatili na udhalilishaji ili mashine ifundishwe kuyatambua, kwa ujira wa chini ya dola 2 kwa saa. Walisimulia jinsi walivyoumia akilini. Kabla ChatGPT haijafika kwetu ikiwa na adabu, kuna watu wa kwetu waliokwisha kuikagua, na hawakulipwa thamani ya kazi ile. Nalikumbuka hilo kila ninaposikia chombo kikiitwa cha bure.

Bango la mdogo wangu lilikamilika siku ya nne. Mwanamke wa kubuni aliondoka. Mdogo wangu mwenyewe alipiga picha kwa simu yake barazani asubuhi, madera matatu yametundikwa kwenye enga mbele ya ukuta, mojawapo la kijani lenye tarizi kifuani alilolishona yeye. Chombo kilifanya mawili tu: kiliongeza mwanga na kurefusha ukuta upande wa juu ili maneno yapate nafasi. Maneno aliyaandika kwa mkono wake kwenye simu, na chini yake: kitambaa uje nacho.

Alinitumia Alhamisi nilipitie. Bei zilikuwa sawa. Tarehe sawa. "Tunafungua saa 3 asubuhi", sawa. Namba ya simu ilikuwa na tarakimu tisa, na hiyo haikuchapwa na mashine. Tukaiongezea sita iliyokosekana, akaliweka baada ya futari.